Muulizaji Hajashindwa



Wiki chache zilizopita nilitoka kwetu Paje nikaenda mjini kuhudhuria kikao cha washairi. Tulikaa ukumbini mwa nyumba moja ya Mji Mkongwe, wazee kwa vijana, na tungo zilisomwa nzuri. Karibu na kumalizika kikao, kijana mmoja ambaye mimi mwenyewe humsifu kwa ufundi wake wa vina alisimama akatoa pendekezo. Alitaka washairi wote wa Unguja na Pemba tuwe na chombo kimoja tu, kitakachotambuliwa na Serikali, kitakachotusemea mbele ya wakubwa, kitakachozipitia tungo kabla hazijasomwa hadharani, na kitakachotugawia nafasi katika sherehe za kitaifa. "Tuwe chini ya mwavuli mmoja," alisema, "kama walivyokuwa wazee wetu wakati wa chama kimoja. Wao walikuwa na umoja, na ushairi wao ulikuwa na kazi."

Ukumbi ulimpigia makofi. Mimi sikupiga. Nilinyanyua mkono niseme, adhana ya Alasiri ikaingia, kikao kikavunjika kwa dua. Nikarudi Paje na jambo langu kifuani. Leo nalitua.

Pendekezo hili nalipinga, na nalipinga mimi niliyeishi humo anamotaka kuturudisha. Mwavuli una mpini mmoja, na mpini hushikwa na mkono mmoja. Waliobaki chini yake huenda aendako mwenye mpini, la sivyo hulowa. Huo nauita uongozani, na kwangu hauwi umoja.

Nilifundisha Kiswahili katika skuli za sekondari miaka thelathini na zaidi, kwa hiyo mtaniwia radhi nikianza na sarufi. Kila mwanafunzi wangu aliyefika kidato cha pili alizijua kauli za vitenzi: kutenda, kutendea, kutendwa, kutendesha, kutendana. Tulizichambua ubaoni kama vile ni mapambo ya mwisho wa neno. Nilichelewa sana kutambua kuwa ndani yake mna siasa yote ya nchi.

Angalieni maisha ya watu wanaokaa pamoja kwa hiari yao yanavyosemwa katika lugha yetu: kuzikana, kukopeshana, kupokezana, kusaidiana, kuozana, kusutana, kulumbana. Yote ni kauli ya kutendana. Katika kauli hiyo hakuna mtendaji wa kudumu wala mtendwa wa kudumu. Leo ni mimi, kesho ni wewe. Kisha angalieni jinsi dola inavyosema nasi: kuhamasisha wananchi, kuelimisha umma, kuimarisha, kuendeleza, kutekeleza. Hapo yupo mmoja anayesababisha na wengine wanaosababishiwa. Sisemi kauli ya kutendesha ni haramu. Dola isiyoweza kujengesha barabara wala kukusanyisha kodi haifai kitu. Ninalosema ni kuwa nchi inahitaji kauli zote mbili, na kwamba utawala wa chama kimoja ulijaribu kuifuta moja ili ibaki nyingine.

Nitoe mfano wa kwetu. Upande wetu huu wa kusini mashariki ya Unguja, kabla ya hoteli na kabla ya mwani ulioanza kulimwa kwa biashara mwaka 1989, riziki ya wanawake ilikuwa kamba za makumbi. Makumbi hufukiwa pwani, maji yakijaa yakitoka juu yake, yakakaa miezi mpaka yalainike, kisha hufukuliwa, hupigwa, hukaushwa na kusokotwa. Kazi hiyo mtu mmoja haiwezi. Leo wanakwenda kumsaidia fulani kufukua, kesho kutwa wanakuja kwangu. Marehemu mama yangu alikuwa na wenzake kiasi cha kumi na watano. Hawakuwa na daftari wala mwenyekiti. Mwenye mgonjwa husokotewa fungu lake. Mfanyabiashara akija na bei ya dharau, wote humwambia neno lile lile, akaondoka akarudi na bei ya adabu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mimi mtoto, walikuja wakubwa kutoka mjini wakawaambia kina mama kuwa zama za vikundi vya holela zimekwisha. Lazima wawe na uongozi unaojulikana, orodha, na taarifa ya kila mwezi. Wakachaguliwa mwenyekiti na katibu, au niseme wakatajwa, kwa kuwa jina lilikuja limeshaandikwa. Mwaka haukuisha kikundi kikawa na muhuri, na kamba hakina. Wale waliokuwa wakisaidiana kwa zamu walianza kungoja kupangiwa. Mama alikuwa akisema neno moja tu juu ya jambo hilo, nami nalisema kwa niaba yake: muhuri hausokoti kamba.

Kijana wetu atasema, hayo ni ya kijijini, mambo madogo. Basi tutoke Paje tuitazame nchi.

Kuna jambo ambalo watu wanaolilia zama zile husahau kulitaja: vyama vilivyokuja kutawala peke yao vilizaliwa na jumuiya za hiari. African Association ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, na hapa Unguja ikaasisiwa ya kwetu katika miaka ya 1930. Zilikuwa jumuiya za watu waliokutana kusaidiana, kusoma magazeti, kucheza mpira na kuandika barua za kudai haki. Ile ya Bara ndiyo iliyogeuka kuwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Ile ya Unguja iliungana na Jumuiya ya Washirazi mwezi Februari 1957 ikazaliwa Afro-Shirazi. Mkoloni alizichukia jumuiya hizo, akazibana, akawakataza watumishi wake kujiunga na siasa, na bado hakuweza kuzimaliza. Walioweza kuzimaliza jumuiya za namna ile ni watoto wake. Mtoto aliingia kwa mlango ule, alipokwisha kukaa akaufunga, akaweka ufunguo mfukoni.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 visiwa hivi vilibaki na chama kimoja, na Katiba ya Muda ya 1965 ikaufanya mfumo huo kuwa sheria ya Jamhuri nzima: TANU Bara, ASP Zanzibar. Jumuiya za makabila zilifungwa. Vyama vya wafanyakazi vilivunjwa, kazi yao ikatiwa ndani ya chama. Magazeti tuliyokuwa nayo, Al-Falaq, Mwongozi, Afrika Kwetu na mengineyo yaliyokuwa yakirushiana maneno kila wiki, yakawa historia, na aliyetaka gazeti akasoma Kweupe la Serikali. Uchaguzi wenyewe visiwani haukurudi mpaka mwaka 1980. Na tazameni lugha inavyotoa ushahidi. Kundi la taarabu lililoanza mwaka 1958, likiwa na vijana wa harakati za uhuru, lilijiita Shime Kuokoana. Baada ya Mapinduzi likawekwa chini ya wizara, likaitwa Mila na Utamaduni. Kundi hilo lipo hadi leo, nalipenda, na muziki wake umeipa nchi yetu sifa duniani. Hapa nazungumzia majina tu. Jina la kwanza ni mwito wa watu wanaoitana wenyewe, kwa kitenzi cha kutendana. La pili ni jina la ofisi.

Bara mambo yalikwenda njia hiyo hiyo. Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi ya mwezi wa Januari, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa, ikaundwa NUTA kwa sheria. Katibu mkuu wa NUTA aliteuliwa na Rais, na mtu huyo huyo akawa Waziri wa Kazi. Yaani mfanyakazi mwenye malalamiko dhidi ya Waziri alipaswa kuyapeleka kwa mtetezi wake, na mtetezi wake ndiye Waziri. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya wakulima navyo vikafutwa, mazao yakakabidhiwa mamlaka za Serikali. Mkulima akakaa miaka akisubiri malipo, mpaka mwaka 1982 sheria ikatungwa ya kuvirudisha, na viliporudi, mwavuli ulikuwa umeshakunjuliwa: wafanyakazi, wanawake, vijana, wazazi na washirika, kila kundi lilikuwa na jumuiya moja, na kila jumuiya ilikuwa ya Chama.

Lakini mfano unaoniuma kuliko yote ni wa Ruvuma. Huko Litowa, karibu na Songea, vijana wa TANU wenyewe walianza kuishi na kulima pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla Azimio la Arusha halijatangazwa. Walipanuka wakawa umoja wa vijiji 17, ukijulikana kwa herufi RDA. Walijipangia kazi zao, walijichagulia viongozi wao, walijenga skuli ya watoto wao na kuisimamia kwa mawazo yao. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwasifu. Mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya chama ikaupiga marufuku umoja huo, mali yake ikachukuliwa. Mtu ataelezaje kuwa waliokuwa wakiishi ujamaa bila kulazimishwa ndio waliovunjwa kwa jina la ujamaa? Mimi naeleza hivi: kosa lao lilikuwa la sarufi. Walijamiishana wenyewe, na dola ilitaka kuwajamiisha.

Sasa nije kwetu sisi washairi, maana kijana alitutaja.

Ni kweli kwamba ushairi wakati ule ulipewa kazi. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaita washairi akawataka waende wakalieneze Azimio. Chama cha washairi, UKUTA, kikiongozwa na Mathias Mnyampala, kiliitikia. Mnyampala alikuwa bingwa asiye na shaka, na hakuna anayeandika historia ya ushairi wetu akamruka. Yeye ndiye aliyeiasisi ngonjera kama tunavyoijua, na baada ya kufariki mwaka 1969 vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilitoka vikaingia madarasani nchi nzima. Mimi nimelelewa na vitabu hivyo. Sina ugomvi na marehemu, wala sina shaka kuwa aliyaamini aliyoyaandika.

Ugomvi wangu ni na umbo tulilolirithi na tulivyolitumia. Kabla yake tulikuwa na kujibizana: mshairi hutupa fumbo, mwengine hulifumbua au hulikataa, wa tatu huingilia kati, na malumbano huweza kwenda miezi bila ya mshindi. Msomaji ndiye kadhi. Ngonjera inafanana na malumbano kwa sura: wawili wanasimama, mmoja anauliza na mwengine anajibu. Lakini mwisho wake umekwisha kuandikwa. Asiyejua lazima ajue, mpinzani lazima aridhike, na ubeti wa mwisho lazima uimbwe na wote kwa sauti moja. Ni bunge la chama kimoja kwa vina na mizani. Swali linaruhusiwa kwa sharti kwamba lije kufa jukwaani mbele ya watu.

Naijua ngonjera kwa ndani, kwa kuwa niliitunga. Nilikuwa mwanachuo wa ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikapewa kazi ya kuandaa ngonjera kwa ajili ya sherehe. Wenye umri wangu wanaikumbuka miaka ile: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na kanga ya kwenda nayo arusini mtu huazima. Nikamtunga mwanamke mmoja muulizaji, anayetoka kwenye foleni mikono mitupu, na mwanamme mjibuji, anayefafanua hali ya uchumi wa dunia. Nilitaka kwa moyo wangu wote mjibuji ashinde. Nilikuwa kijana mtiifu. Lakini kila nilipompa jibu, mwanamke yule alikuja na swali jengine, na swali lake lilikuwa zito kuliko jibu, kwa sababu yeye nilimchukua mtaani kwetu na yule bwana nilimchukua katika hotuba.

Mkufunzi wetu akaisoma kazi yangu. Alikuwa mtu mwema, msomi wa ushairi, na jina lake nalihifadhi kwa heshima. Akaniita pembeni, akaniambia kwa sauti ndogo: "Vina vimekaa, mizani imetimia. Lakini, mwanangu, muulizaji wako hajashindwa." Akachukua kalamu nyekundu. Akazifuta beti mbili za mwanamke, akaongeza moja ya mwisho ambamo anasema amefahamu, anashukuru, na anaahidi kuwafahamisha wenzake. Jioni ile tukaanza mazoezi. Siku ya sherehe tukapigiwa makofi mengi.

Alinihifadhi, najua. Beti zile mbili zingeweza kunigharimu chuo. Lakini angalieni ufundi wa utawala ule: haukuhitaji kuwa na askari mlangoni mwa kila mshairi. Ulikuwa na mwalimu mwema mwenye kalamu nyekundu, anayempenda mwanafunzi wake.

Nami nikawa mwalimu. Hapa ndipo aibu yangu ilipo, na sitaificha. Kwa miaka mingi nilisimamia mashindano ya ngonjera maskulini, nikawashinda waulizaji wa watoto wa watu kwa mkono wangu. Mfumo wa vyama vingi uliporuhusiwa tarehe 1 Julai 1992, kalamu yangu ilikuwa bado nyekundu. Hakuna aliyeniamrisha tena. Nilikuwa nimeshazoea. Siku moja msichana wa kidato cha tatu akaniuliza: "Mwalimu, kwa nini huyu hafahamu mpaka ubeti wa mwisho, na sisi sote tunajua tangu ubeti wa kwanza kwamba atafahamu?" Nilimwambia akae kitako. Jibu sikuwa nalo. Nimelipata baada ya kustaafu, na jibu ndilo makala haya.

Nazijua hoja za upande wa pili, na uungwana wa malumbano ni kuzitaja zikiwa na nguvu zake zote.

Ya kwanza ni kuwa jumuiya za kabla ya 1964 zilitugawa. Ni kweli. Nyingi zilisimama juu ya kabila na asili, na baadhi ya magazeti yetu yalimwaga sumu. Mwezi Juni 1961 watu 68 waliuawa katika fujo za uchaguzi, na yaliyofuata Januari 1964 kila ukoo wa hapa una simulizi yake. Sitaki yarudi. Lakini dawa ya jumuiya zinazobagua ni kuwa na jumuiya zinazochanganya: za kazi, za mtaa, za mpira, za taarabu, za kuzikana. Zile ndizo zilizokuwa zikiwakutanisha watu ambao siasa iliwatenga. Kuzifunga zote ili kuponya ubaguzi ni kumng'oa mtu meno yote kwa kuwa moja limeoza. Na je, tulipona? Vyama vingi viliporudi, chuki ya zama za siasa ilichomoza tukaona ilikuwa hai muda wote. Haikuzungumzwa miaka ishirini na minane, kwa hiyo haikutibiwa.

Ya pili ni kuwa zama zile zilitupa mambo makubwa. Ni kweli pia, na mimi ni shahidi. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bila malipo Zanzibar. Bila tangazo lile, binti wa msokota kamba wa Paje asingekuja kuandika kauli za vitenzi ubaoni. Kiswahili kilipewa hadhi ambayo nchi nyingi za Afrika hazikuzipa lugha zao. Nashukuru, na shukrani yangu si ya mdomoni. Lakini shukrani haidai ukimya. Aliyenisomesha alinifundisha kuuliza, asishangae nikiuliza.

Ya tatu ni kuwa watu wenyewe waliupenda mfumo ule. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchi mwaka 1991, kiasi cha asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Vema. Ila tusisahau kuwa wengi katika hao walitaka pia mfumo wenyewe urekebishwe, na kwamba mtu aliyelelewa katika ngonjera hujibu kwa ubeti wa mwisho. Tume yenyewe, baada ya kuwasikiliza wote, ilipendekeza vyama vingi.

Mtaniambia: basi hayo yamekwisha, unapigana na kivuli. Yangekuwa yamekwisha nisingeandika. Katikati ya miaka ya 1990 wanawake wa Tanzania waliunda baraza lao, BAWATA, nje ya mwavuli wa chama. Mwaka 1997 likafutiwa usajili kwa madai kuwa linafanya siasa. Mahakama Kuu ilikuja kusema kuwa kufutwa huko kulikuwa kinyume cha haki mwaka 2009, wakati baraza lenyewe limeshakufa. Zama za vyama vingi zilikuwa na miaka mitano tu, na tabia ya chama kimoja ilikuwa ikitembea kwa miguu yake.

Wala sisemi kuwa kila kinachojiita asasi ya kiraia leo ni mrithi wa kina mama wa makumbi. Asasi nyingi zimetoka chini ya mwavuli wa chama zikaingia chini ya mwavuli wa mfadhili. Sikilizeni kauli yao: wananchi wanajengewa uwezo, wanapewa semina, wanawezeshwa. Ni kutendewa juu ya kutendeshwa. Hata neno raia lenyewe tuliloliazima kwa Waarabu lina asili ya kundi linalochungwa. Kama hatuangalii, tutabadilisha mchungaji tu, tukaita uhuru.

Yapo maneno ya zama zile yaliyosema wazi kuliko wasemaji walivyokusudia. Chama kilitangaza kushika hatamu. Malenga, hatamu ni kamba ya kinywani mwa farasi. Anayeishika tunamjua. Mimi nauliza swali ambalo hakuna ngonjera iliyothubutu kuliuliza: farasi ni nani?

Mtu atanikumbusha kuwa chama nacho kilipenda kauli ya kutendana. Kila hotuba ilijaa tushikamane, tusaidiane, tukosoane. Naam, ilijaa. Lakini kutendana kwa amri ni kutendesha kulikovaa kanzu ya jirani. Kukosoana kuliruhusiwa ndani, na ndani kulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na bawabu.

Kwa hiyo, mwanangu uliyesimama ukumbini siku ile, nakujibu nawe unijibu. Usituombee mwavuli. Washairi wa Makunduchi wawe na chama chao, wa Micheweni wawe na chao, wa Ng'ambo wawe na vitatu vinavyogombana. Anayetaka kuisifu Serikali aisifu kwa hiari yake. Sifa ya hiari ndiyo yenye thamani kwa mwenye kusifiwa. Anayetaka kuilaumu ailaumu kwa adabu na hoja. Kusajiliwa tusajiliwe kama sheria inavyotaka, lakini kupitiwa tungo zetu kabla hatujazisoma, hapana. Aliyeipitia tungo yangu ya kwanza alinipenda, na bado sijaipata tena ile ya asili. Beti mbili alizozifuta nimejaribu mara nyingi kuzikumbuka. Nakumbuka alichokuwa amevaa mwanamke yule, nakumbuka kikapu chake kitupu. Maneno yake yamekwenda. Hilo ndilo linalopotea chini ya mwavuli, wala huwezi kuliandikia ripoti.

Jioni hizi hapa Paje, maji yakitoka, kina mama wanakwenda kwenye mashamba yao ya mwani, kila mmoja na kamba zake na vigingi vyake. Hutazamana. Mwenye kuumwa, wenzake humfungia. Hakuna aliyewahamasisha. Nikiwatazama, naona kauli ya mama yangu haijafa. Sisi watu wa lugha tusiwe wa kwanza kuizika.

Natia tamati kwa ubeti mmoja, na mlango wa kujibu uko wazi:

Tulianza kuitana, tukaja kuamrishwa,
Tulijua kuzikana, na kilio twafundishwa,
Tulikuwa twalumbana, hoja zikahitimishwa,
Lugha yetu kutendana, si lugha ya kutendeshwa.

Atakayenipinga anipinge kwa vina na mizani, au kwa nathari kama hii. Sharti langu ni moja: asinitungie ubeti wa mwisho.